Jinzi Isiyofuliwa

Maji ya buluu yalikuwa yamemfika viwikoni. Mama Kariuki alikuwa amepiga magoti uani, huko Quakers Hill, mtaa wa Sydney, jinzi ya marehemu mwanawe ameitandaza kwenye saruji, akiisugua kwa brashi na kipande cha sabuni alichotoka nacho Nyeri.

Waceke, mke wa marehemu, alirudi kutoka zamu ya hospitali akamkuta hapo. Mkoba ulimponyoka.

"Mum! Umefanya nini?"

"Ilikuwa chafu."

"Chafu?" Waceke aliinyakua, ikamlowesha sare nzima. "Si nilikuambia haifuliwi? Si nilikueleza yote?"

Kweli alikuwa amemweleza, tena kwa raha ambayo haikuwa imeonekana katika nyumba ile tangu mazishi. Wapenzi wa jinzi zisizofuliwa wana mambo yao. Mzee Hoshikawa wa Japani alinunua mashine kuukuu za kufumia, wenzake walipokuwa wakiziuza kama vyuma chakavu. Walimcheka mpaka wakachoka. Alisota miaka na miaka akifuma polepole kitambaa kigumu kama turubai, na kila mteja alimwambia: usiifue, ivae tu, itakujua. Kariuki aliivaa yake miaka mitatu, kila siku ya ofisi, bila tone la maji. Kila alichobeba kilijichora kwenye rangi: simu pajani, funguo karibu na kiuno. Magotini palibaki na mikunjo yake hata baada ya yeye kuzikwa.

Sasa duka la Hoshikawa la hapa Sydney lilikuwa likiadhimisha miaka arobaini ya kampuni. Walitaka jinzi za wateja wazipige picha, wazikuze ukutani, kila alama ionekane na kila mtu aisome. Ya Kariuki ingechukuliwa kesho yake.

"They're coming tomorrow, Mum. Tomorrow!" Waceke aliketi kwenye ngazi akaangua kilio. "Bado ilikuwa na harufu yake. Ni hii tu nilikuwa nimebaki nayo. Mtu alinipenda hivyo, pete hakuivua hata siku moja, hata akioga, tukamzika nayo. Halafu wewe unamsugua na brashi!"

"Nisamehe, mwanangu."

"Siwezi. Nitabadilisha tiketi yako, urudi nyumbani. Sitaki kukuona hapa."

Mama Kariuki alitamani kumshika bega, lakini mkono wake ulikuwa bado unachuruzika rangi, akaurudisha. Huyu ndiye binti pekee aliyekuwa amebaki naye, na sasa alikuwa anampoteza vilevile.

Waceke aliitupa jinzi chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama mkwe aliiokota, akaikamua, akaianika kambani. Alitazama huku na huku, kisha akakigeuzia juani kile kimfuko kidogo cha mbele, kilichoshonwa juu ya mfuko wa kulia. Hapo ndipo alipokuwa amesugua kuliko mahali pengine pote. Kitambaa kilikuwa kimepauka chote, na lile duara jeupe ambalo pete ya ndoa ilikuwa imelichora pale, siku baada ya siku, halikuonekana tena.