Gunia la Uvunguni

Balozi Albano aliinuka daktari akiwa bado anaongea.

"Macho yako yana manjano, Mzee," daktari alikuwa ameanza. "Ini lako linaumwa, na ni ugonjwa wa kudumu. Sasa, kwenye chakula..."

Basi, ilitosha. Kijana mwenyewe hata ndevu hazijamjaa, atamfundisha nini balozi mzima wa nyumba kumi? Alivaa kofia akarudi zake Temeke, jibu tayari analo kichwani: chakula cha njano ndicho kinachotia macho unjano.

Mwaka ule wa 1974 njaa ilikuwa imekaza na mahindi meupe yameadimika. Duka la ushirika lilitoa unga wa njano kutoka ng'ambo, ule watu waliouita Yanga. Jioni hiyohiyo Balozi akawakusanya majirani.

"Ndugu zangu, unga huu ni afya tupu. Kuleni, tena mshukuru."

Alipoingia ndani akamgeukia mkewe, Yustina. "Mie siugusi. Utanimalizia ini. Nyie kuleni."

Majirani nao walikuwa na maini, lakini hilo halikumnyima usingizi.

Gunia lake la mahindi meupe, la magendo, liliingia kwa mlango wa nyuma. Alilisukuma uvunguni mwa kitanda, juu ya sakafu ya udongo, akalifunika kwa mikeka lisionekane. Masika yakaja. Sakafu ikalowa, chumba kikanuka uvundo.

"Baba Didas, mahindi yamefanya kijani," Yustina alisema huku akipiga chafya. "Tuyaanike nje."

"Ili majirani wayaone? Kijani ni rangi ya Chama, mwanamke! Twanga."

Alitwanga. Yeye na watoto walikula ugali wa njano, maana mweupe ulikuwa wa mgonjwa peke yake. Ugali ule mweupe ulikuwa na uchungu. Balozi alisema uchungu ni wa kinywa chake, akamaliza sahani.

Gunia likaisha, likaja jingine, nalo likaenda uvunguni. Masika mengine yakapita. Majirani waliunung'unikia unga wao, wakaula, wakaenda kazini. Balozi alikonda mikono, tumbo likamtangulia, na chini ya mbavu za kulia pakaota kitu kigumu.

Alipolazwa hospitalini, daktari yuleyule alipabonyeza pale, akamuuliza anakula nini.

"Unga wa njano sijauonja hata siku moja," Balozi alisema kwa majivuno. "Mie nafuata masharti."

"Unga wa njano?" Daktari alimshangaa. "Ule hauna neno, Mzee. Siku ile uliondoka sijamaliza. Nilitaka kukukataza mahindi yaliyoota ukungu, yale yanayofanya kijani. Kwa ini kama lako, ile ni sumu."

Kando ya kitanda, Yustina alikuwa ameshafunua bakuli la ugali mweupe alilomletea mumewe. Alilifunika tena, taratibu.