Mpini Mfupi

Tik, tik, tik. Kucha za Praline juu ya mbao za ukumbini, gizani. Nyuma yake zikafuata nyayo za Coralie, binti wa miaka kumi na miwili, akienda msalani. Hakuwasha taa. Siku hizi hakujisumbua. Alishika mgongo wa mbwa, wakaenda, wakarudi, mlango ukafungwa.

Kitandani, Maude akavuta blanketi mpaka kidevuni, akalia polepole ili binti yake asimsikie.

Praline aliletwa kwao, mjini Rimouski, Kanada, akiwa na ukubwa wa mkate. Familia za kujitolea humlea mbwa mwaka na ushei, wakamfunza adabu za dukani na kanisani, kisha chuo cha mbwa waongozaji humchukua kikamkabidhi mtu asiyeona. Hilo huambiwa siku ya kwanza. Lakini kujua si kuzoea.

Sasa Jocelyne, mkufunzi wa chuo, alikuwa amepiga simu. Wamekwisha kukata shauri nani apewe Praline. Makabidhiano ni Jumamosi. Maude alimwuliza, "Una hakika?" akamwuliza tena. Kisha akakaa kwenye ngazi, simu mkononi, hadi supu ya njegere ikaungua jikoni.

Coralie aliambiwa habari ya Jumamosi, basi. Lilikuwapo neno jingine, lakini kila lilipofika mdomoni mwa mama yake, lilirudi.

Wakaenda dukani kwa Bwana Ovila kununua vifaa vya kumtembeza mbwa mjini.

"Mchukulie hiki," Coralie alisema, akiinua kizibao cha waridi chenye manyoya shingoni, kama cha mcheza sarakasi. "Huyo kipofu akikiona atamrudisha."

"Sema asiyeona. Na hataona."

"Ataambiwa! Watu watamcheka mpaka akome."

"Binti huyu ana hila za sungura!" Ovila akaangua kicheko.

Maude alichagua cha kijani, kilichoandikwa ubavuni: Niko kazini, usiniguse. Halafu viatu vinne vya mpira, maana barabarani wanamwaga chumvi kuyeyusha barafu, nayo inachoma nyayo. Praline alivijaribu, akinyanyua mguu mmoja mmoja kama bibi harusi aliyekanyaga matope. Coralie akacheka, kisha akakumbuka, akanuna.

"Nani atamkausha katikati ya vidole? Asipokaushwa anajilamba hadi damu. Huyo mtu hajui."

"Atajua."

"Nani atamwambia?"

Maude akageuza viatu kutafuta bei. Coralie akageuka kwa hasira, akagonga rafu, makopo ya chakula yakaporomoka. Mama yake akapiga magoti kuyaokota, akakawia huko chini kuliko makopo yenyewe yalivyohitaji.

"Imebaki mikanda ya kifuani na mpini wake wa kumshikia mbwa," Ovila alisema. "Huyo atakayepewa ana kimo gani?"

"Nipe mpini mfupi kuliko yote."

"Huu? Mtu mzima atatembea ameinama, mama."

"Coralie, simama kando ya Praline tupate kipimo."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu Bwana Ovila ni mrefu kama mnara wa kanisa."

Coralie alisimama, uso kama mtu aliyekunywa siki, akateremsha mkono wa kushoto. Ovila akafunga mikanda, akapima, akakaza. Akamtazama Maude. Utani ukamwishia palepale. Akawabebea mizigo mwenyewe mpaka garini.

Jumamosi Coralie hakugusa chapati zake, ingawa zilimiminiwa shira ya utomvu wa mti wa maple aliyoipenda. Njiani alijilaza kiti cha nyuma, mdomo sikioni mwa Praline.

"Umng'ate kidogo tu," alinong'ona. "Si kwa ubaya. Arudishe tu."

Chuoni Jocelyne aliwapokea katika ukumbi mtupu. Praline alikuwa amevaa kila kitu: kizibao, viatu, mikanda. Coralie akaangaza huku na huku, ngumi zimekunjwa.

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Coralie, mwanangu," Maude alianza. Akamtazama Jocelyne kama anayezama.

Jocelyne akachutama mbele ya msichana, akaikunjua ngumi yake ya kushoto, akaiweka juu ya mpini.

"Daktari wa macho anasema tusingoje mpaka giza liyafunike macho yako kabisa," alisema taratibu. "Tutaanza kujifunza leo, ungali unaiona njia."

Maude akageukia dirishani, kiganja mdomoni.

Vidole vya Coralie vikaupapasa mpini, kwenda na kurudi. Kisha akainua uso, nao uling'aa kama asubuhi ya Krismasi.

"Mama, kumbe Praline haondoki!"