Izime Hiyo AC

"Izime hiyo AC," akasema Tsuma tena, akilivuta koti lake shingoni.

"Siizimi," akajibu Mishi, na macho hakuyabandua barabarani.

Mvua ya Mei ilikuwa ikiipiga barabara ya Lungalunga kama ina kisa nayo. Tangu watoke Ukunda, kioo cha mbele cha lile gari kuukuu kilikuwa kikijaa ukungu kwa ndani, Tsuma akikifuta kwa kitambaa, nacho kikijaa tena kabla kitambaa hakijakauka. Lori lilipowapita wakaona taa tu. Hapo ndipo Mishi alipobonyeza kitufe. Injini ikaguna, baridi ikatoka, na ukungu ukaanza kuliwa kutoka chini kwenda juu.

"Nani aliyewahi kusikia AC kwenye mvua?"

"Umesikia leo, kaka. Hiyo ndiyo inayokausha hewa. Tukiizima, pumzi zetu zitakitia kioo ukungu tena."

"Pumzi za watu wawili tu?"

Moyo wa Mishi ukapiga paa. "Na mikeka huko nyuma imelowa," akasema upesi.

Tsuma hakugeuka kutazama. Alhamdulillahi, akasema Mishi moyoni, leo shingo ya kaka yangu ni nzito.

Maana angegeuka, akainua ile mikeka iliyokosa wanunuzi Diani, angemkuta mama yao, Bi Mbeyu, amelala kimya kama mtoto aliyejificha mchezoni.

Kaka yao mkubwa, Boga, ndiye aliyemhamishia mama Ukunda, ghorofani kwake, baba alipofariki. Ati ana umri, ati ana kifua, ati awe karibu na daktari. Sawa. Lakini geti likafungwa kwa kufuli, na nyumba ya mama kule Gazi ikaanza kutafutiwa mnunuzi. Kila siku mama alisema neno moja: nirudisheni kwangu, nikafie karibu na kaburi la mume wangu. Kila siku Boga alimjibu, inshallah. Asubuhi hiyo kijakazi alipofungua geti kwenda sokoni, Mishi alikuwa nje na gari. Mama akashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, buibui begani, asumini nyweleni.

"Nilizaa watoto," akasema akijipenyeza chini ya mikeka. "Sikuzaa askari jela."

Kumbe Boga alikwisha kupigiwa simu kwamba mama hayupo. Kabla Mishi hajafika barabara kuu, Tsuma akatokea kwenye mvua, mkono juu. Alikuwa ametumwa Gazi, akakae mlangoni kwa mama, na mama akitokea tu amrudishe. Ungemnyima vipi lifti? Na huyo Tsuma, Gazi nzima inamjua: hamkatalii mkubwa wake neno, na hajasema uongo tangu azaliwe. Akisema wallahi, watu hufunga mjadala wakaenda kula.

"Gari lako linanukia asumini leo," alisema alipoingia.

"Asumini nayo imekuwa haramu?" Mishi akamkata.

Walipofika Mwabungo, mama akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kidogo kilichobanwa na kitambaa, lakini kilisikika. Mishi akakohoa juu yake, akakohoa tena na tena mpaka machozi yakamtoka.

"Pole," akasema Tsuma. "Baridi hii na kifua havipatani. Hili gari halina hewa ya joto?"

"Ilikufa zamani. Pwani hii nani anaitaka?"

Tsuma akanyoosha mkono kwenye kitufe. Mishi akaupiga kofi, kofi la kweli, ambalo mdogo hampigi mkubwa wake.

"Gari langu, kaka! Usukani wangu, kioo changu! Majumbani mmetuamulia kila kitu, nani akae wapi, nani afie wapi. Humu ndani naamua mimi!"

Tsuma akaurudisha mkono mapajani.

Mishi akatupa jicho kwenye kioo cha kati. Dirisha la nyuma lilikuwa na ukungu upande mmoja tu, pale pale penye kichwa cha mama, ukipanuka na kusinyaa. Akaiongeza AC mpaka mwisho. Bora wagande wote watatu kuliko mama arudishwe kwenye lile kufuli.

Kwenye njia panda ya Gazi akapunguza mwendo. "Nikushushe hapa, kaka? Mimi naendelea Msambweni."

"Nifikishe mpaka mlangoni kwa mama."

Mishi akakata kona, angefanya nini? Ndipo simu ya Tsuma ilipolia, na sauti ya Boga ikajaa gari zima.

"Mmemwona?"

"Bado."

"Usinifiche, Tsuma. Huyo Mishi simwamini hata kidogo. Apa!"

Mishi akashikilia usukani mpaka vidole vikamuuma. Tsuma akatazama mbele, kwenye kioo cheupe kisicho na ukungu wowote.

"Wallahi, Boga, tangu asubuhi macho yangu hayajamwona mama."

"Basi," akasema Boga, na hasira zikamshuka. "Wewe nakuamini. Acha nikamtafute Likoni." Simu ikakatika.

Mishi akashusha pumzi. Mbele, kati ya minazi, paa la nyumba ya mama lilikuwa limeanza kuonekana.

Tsuma akavua koti lake. Bila kugeuza shingo, akalirusha nyuma ya bega lake, likaangukia juu ya mikeka.

"Sasa izime hiyo AC, Mishi. Mama ana kifua."