Sura Iliyokatwa

Wendell alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni. Kwa miaka tisa, yeye na wenzake wa mtandaoni walikuwa wameitafuta sehemu hii moja ya kile kipindi cha zamani cha kusaka wahalifu waliotoroka. Wameipekua Marekani nzima, kumbe kanda ya video aliyoirekodi shangazi yake imelala hapa Ohio, kabatini kwake, chini ya mapambo ya Krismasi!

Mtangazaji akanyoosha kidole. "Mtazame vizuri mtu huyu. Huenda ni jirani ya..."

Picha ikaruka. Mtangazaji akawa tayari anaaga.

"Shangazi! Umekata!"

"Nilikuwa naruka matangazo ya sabuni, mwanangu. Kanda zilikuwa ghali."

"Sura ya mtu ndiyo tangazo la sabuni? Kanda arobaini hukukosea hata moja, ukaja kuniharibia hii hii? Jamani, utanitia wazimu!"

Kidole gumba cha shangazi kilikuwa kinasugua rimoti, pale kwenye kitufe cha kusimamisha kurekodi, ambacho alama yake ilikuwa imefutika zamani.

"Sikukosea," akasema.

Wendell akageuka amfokee. Nje, mashine ya kukatia nyasi ikanyamaza. Viatu vikaanza kujipangusa kwenye mkeka wa mlangoni, taratibu, kama kila Jumamosi tangu Wendell akiwa mtoto.

"Punguza sauti," shangazi akanong'ona. "Mume wangu anakuja kula."