Miche Mitano

Siku hiyo mjinga alikuwa Ambilikile mwenyewe, tusimsingizie muuza miche.

Mkewe, Tusekile, alisimama kitaluni amejifunga shali, ameshika mche mmoja mdogo. Muuza miche alimweleza kwamba huo huzamisha mizizi mwaka wa kwanza, huchanua wa pili, kisha maua hurudi kila mwaka, hata baridi ikiukausha hadi chini.

"Nipe mitano," Tusekile akasema.

Ambilikile akadakia kwa kicheko. "Miaka miwili kungoja ua? Hata mimi hukuningoja hivyo! Chukua haya ya msimu mmoja, mama Lusajo. Wiki sita tu yamechanua, utayawahi."

Hapo hapo akatambua alichokiropoka. Tangu watoke hospitali alikuwa akimwambia mkewe kwamba daktari kasema ni uchovu tu.

"Nitayawahi?" Tusekile akauliza.

"Nilikuwa natania, mke wangu. Basi tuchukue yote."

Tusekile akampakatisha ile miche mitano, mmoja mmoja, udongo ukimchafua shati.

"Shika vizuri, baba Lusajo. Mwakani hutakuwa na mtu wa kumdanganya, angalau uwe na ua la kumwagilia."