Ruta Isiyosikiliza

Ruta ya kampuni ya intaneti ilikata mtandao kila watu wa nyumbani walipogombana, na sheria ilikataza kuiondoa. Bi Raya alivumilia miaka sita. Lakini siku mtihani wa mtandaoni wa bintiye, Salha, ulipokatika katikati, kisa Bi Raya na mumewe wamezozana juu ya chumvi, alisema basi. Aliing'oa mwenyewe, akafunga nyingine aliyouziwa na fundi simu. Taa ya kijani ikawaka, ikatulia.

"Baba Salha, hii haitusikilizi," alisema, akijipangusa vumbi. "Hata tukipiga kelele mtandao haukatiki."

Mumewe alikuwa akimenya chungwa. Aliweka kisu chini, akainuka, akafunga madirisha yote.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi kaa, Mama Salha. Nina maneno ya miaka sita."