Uchuro Buchani

Ngumi ya kwanza ilimkuta mgeni bado ameshika mfuko wake wa nyama. Ya pili ilimlaza chini, kati ya gogo la kukatia na ndoo ya mifupa.

"Rudia!" mwenye bucha alifoka. "Rudia ulichosema!"

Mgeni alipangusa damu puani. Alikuwa mtu mwembamba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, kidevu kimejaa vipele vya wembe. Aliingia kununua nusu kilo ya shingo. "Ya supu ya mgonjwa," alisema, wala hakuomba apunguziwe. Angelipa akaenda zake salama, lakini juu ya friji kulikuwa na runinga, na kwenye runinga alikuwa Fundi Saa.

Mtaa ule ulikuwa hauna kipenzi mwingine. Ndevu hadi kifuani, miwani mizito, Fundi Saa alijibu maswali kila Ijumaa ili apate fedha za binti yake kupasuliwa moyo. Akisita, akina mama walishika vichwa. Akipata, vijana walipiga mabati. Waliongea naye kwenye kioo kama mtoto wao aliyekwenda mbali, na jamaa mmoja alikwisha kung'olewa jino kwa kusema fundi anabahatisha tu.

Mwenye bucha ndiye aliyezidi wote. Binti yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huohuo, akisubiri fedha ambazo hazikuja. Kila mara fundi alipojibu sawa, yeye aliona kama ni wake anayevuta pumzi. Hapo usimguse.

Mgeni akamgusa hapohapo. Swali la mwisho liliposomwa, kabla fundi hajafungua kinywa, alisema polepole huku anatazama mizani: "Atakosa. Atataja jibu la tatu. Izime tu, kaka."

Ndipo ngumi zilipoanza.

"Huyu kacheza kamari," mshona viatu wa jirani alidakia kutoka kwenye foleni. "Kaweka dau fundi ashindwe."

"Sijacheza kamari," mgeni alisema kwa taabu. "Haki ya Mungu, hakuna aliyetaka ashinde kama mimi."

"Na uongo juu!" Mshona viatu akamtia teke la mgongo, na mama mmoja mwenye kikapu akamtemea mate. Mama mwenyewe mpole, siku zote huwa wa kwanza kusalimia.

Kwenye kioo, Fundi Saa alifumba macho. Jasho lilimtiririka hadi ndevuni.

"La tatu," alisema.

Taa nyekundu ikawaka.

Mwenye bucha alilia kwa sauti, mwanamume mzima na aproni yake. Kisha akageuka. Mdomo huponza kichwa, na mwenye mdomo alikuwa hapo miguuni pake. Alichomoa kiunoni chuma cha kunolea visu akamshushia nacho mbavuni, begani, mbavuni tena.

"Umemuua mtoto wa watu! Kwa mdomo wako huo!"

"Mkono, kaka," mgeni aliomba, akiuficha chini ya tumbo. "Piga kwingine. Mkono ndio unaonilisha."

Mwenye bucha aliuvuta, akaulaza juu ya gogo, akapiga. Vidole vilivunjika kwa sauti ambayo kila aliyekuwemo aliisikia. Mama mwenye kikapu aligeuza uso.

"Basi, basi," mshona viatu alimkumbatia kwa nyuma. "Utaua mtu kwa ajili ya runinga?"

"Kwa ajili ya yule mtoto!" mwenye bucha alisema. "Wewe hukumzika wako. Hujui."

Mtangazaji naye alikuwa anajifuta macho, na chini ya kioo yalipita maandishi madogo kwamba kipindi kilirekodiwa wiki mbili zilizopita. Aliyeguswa, alisema, anaweza kumpigia fundi wetu mwenyewe, namba yake hii hapa chini.

Mwenye bucha alitupa chuma. Alijipangusa damu kwenye aproni, akatoa simu, akabonyeza namba moja moja. Alikuwa amekwisha kuamua. Angeuza friji, angeuza bucha lenyewe ikibidi, lakini binti wa yule mtu hatakufa.

Simu ikaita. Iliita pale sakafuni, ndani ya koti la mgeni.